Mrejesho: kiungio kizito cha karavani

Wakuu, niliuliza namna ya kutoa kwenye gari kiungio cha karavani (nyumba ya kuvutwa na gari), kile chenye vyuma vya springi, kilo 40 hivi, bila kuumiza mgongo. Asanteni. Ushauri uliofaa ni wa kutokibeba kabisa. Weka kabari magurudumuni, inua ulimi wa karavani (chuma chake cha mbele) kwa jeki gari likiwa bado limeungwa, vyuma vilegee uvitoe. Shusha jeki kidogo kidogo mpaka pini inayofunga kiungio kwenye tundu la gari ichomoke kwa mkono, kisha sogeza gari mbele. Kiungio kinabaki kwenye karavani, kipige kufuli.

Kilichogoma ni kurudisha: mkono wa mraba wa kiungio huinama, haulingani na tundu la gari. Kipande cha mbao chini yake kimesaidia nusu tu. Bado anahitajika mtu wa kumwelekeza dereva. Grisi kwenye mkono huo sikupaka, inanasa mchanga.