Maski ya koo inavuja kila tukiongeza upepo: tatizo ni namba, puto au otoklavu?

Bloku_Kadutu (Bukavu)
Yambo wenzangu wa bloku (chumba cha upasuaji). Tuna maski za koo za silikoni (mrija wenye puto la upepo linalokaa kooni ili mgonjwa aliyelazwa usingizi apumue), zile za kuosha na kutumia tena, namba 2, 3 na 4. Tunazitaka kwa henia za kupangwa, uvimbe wa matiti na kusafisha vidonda vya mguu, mgonjwa akipumua mwenyewe kwa halotani (dawa ya usingizi ya kuvuta). Namba 3 kwa mtu wa kilo 55 inavuja shinikizo la hewa likifika sentimita 12 za maji. Tukiipa upepo hadi ml 25 inavuja zaidi. Nyingine puto lake limetokeza kibonge upande mmoja baada ya kutoka kwenye otoklavu ya jiko (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu). Tuitupe? Na ketamini (dawa ya usingizi ya sindano) peke yake inatosha kuingiza maski? Aksanti kwa atakayejibu.

Katuba_AR (Lubumbashi)
Mwenzangu, ml 25 kwenye namba 3 ni nyingi mno. Kikomo chake ni ml 20, cha namba 4 ni 30, cha namba 2 ni 10. Na hivyo ni vikomo, si kiasi cha kujaza kila mara. Puto likishiba linakuwa gumu, halifuati tena mikunjo ya koo, hewa inapita pembeni. Ndiyo maana mkiongeza mnaharibu.

Mtu wa kilo 55 mpeni namba 4 (kilo 50 hadi 70). Anzeni na ml 15, mbane mfuko wa kupumulia polepole hadi sentimita 20 za maji huku mkisikiliza mdomoni. Ikivuja, ongezeni ml 3, msikilize tena. Ikikataa, acheni upepo: toeni muingize upya, maana mara nyingi ncha imejikunja nyuma, au usingizi bado mwepesi. Shinikizo la ndani ya puto lisizidi sentimita 60 za maji, kwani likibana mishipa ya fahamu ulimi unaweza kufa ganzi. Mkiwa na naitrasi oksidi (gesi ya usingizi), inapenya silikoni na puto linavimba lenyewe katikati ya kazi, pimeni tena.

Jambo moja la mkono: wakati wa kujaza, achieni mrija. Maski inapanda kidogo na kujikalia mahali pake. Ukiishikilia, unaizuia. Kisha tazameni mstari mweusi wa mrija: uelekee katikati ya mdomo wa juu. Ukiwa pembeni, maski imezunguka.

Himbi_Usingizi (Goma)
Hiyo yenye kibonge itupeni leo hii, msiijaribu kwa mgonjwa. Iliingia kwenye joto puto likiwa na hewa au maji. Vikapanuka, ukuta wa silikoni ukalegea sehemu moja. Puto linyonywe kwa bomba la sindano mpaka likauke bapa, dakika chache tu kabla ya otoklavu. Si jana yake, kwa sababu hewa hurudi taratibu.

Kuosha: maji ya vuguvugu yenye bikaboneti ya sodiamu, asilimia 8 hadi 10, na brashi laini ndani ya mrija. Vali (mlango wa kujazia upepo) isinywe maji. Dawa za kuua vijidudu kama glutaraldehidi, formalini na iodini ziwe mbali: silikoni inazinywa, kisha inazitapika kwenye koo la mtu.

Halafu kuna hili la milima yetu. Geji ya otoklavu ya jiko inapima tofauti na hewa ya nje, na hewa ya Bukavu na Goma, mita kama 1,500, ni nyepesi. Pale ambapo pwani geji ikisoma pauni 15 kwa inchi ya mraba ndani mna nyuzi 121, kwetu mna kama 118. Ongezeni pauni 2.5 kama chombo chenu kinaruhusu kufika huko, la sivyo ongezeni muda, na wekeni utepe wa kiashiria kila mzunguko.

Kabla ya kila matumizi, jaribuni hivi: nyonyeni hewa yote, puto likijijaza lenyewe, vali imekufa. Kisha jazeni nusu zaidi ya kikomo (namba 3 ml 30, namba 4 ml 45), mliache puto dakika 2. Kiputo kidogo cha nje, kwenye mrija wa upepo, kibaki chembamba kama yai refu. Kikiwa duara kama gololi, kimechoka.

Katuba_AR (Lubumbashi)
Ketamini peke yake hapana. Mate yanajaa, taya linakaza, koo linabaki na hasira yake yote, na mnaweza kupata mkazo wa koromeo. Tumieni propofoli, dawa nyingine ya usingizi ya sindano, mg 2 hadi 2.5 kwa kilo kwa mtu mzima mwenye afya, mzee mpunguzieni. Au zamisheni kwa halotani kwa subira. Kipimo ni kusukuma taya mbele: asiposhtuka, ingizeni.

Dada_Bloku (Goma)
Naongeza kwa mkazo: henia iliyonyongwa si ya maski, hata kama mgonjwa hajala tangu jana, kwa kuwa tumbo halimwagi chini. Huyo ni mrija wa ndani ya koromeo.

Bloku_Kadutu (Bukavu)
Aksanti sana ndugu zangu. Swali la mwisho: akianza kuamka anauma mrija. Tutoe mapema?

Himbi_Usingizi (Goma)
Msiitoe katika usingizi wa nusunusu, hapo ndipo koo linafunga. Viringisheni gozi (kitambaa cha shashi), muiweke kati ya magego tangu mwanzo, maana mrija ukibanwa huku anavuta hewa kwa nguvu, mapafu yanaweza kujaa maji. Msimsumbue, msivute mate ovyo. Mwiteni jina; akifungua mdomo mlipomwambia, toeni gozi na maski pamoja. Upepo msiupunguze kabla hajameza vizuri, kwani mate yaliyokaa juu ya puto yatashuka kwenye koromeo. Na kila maski iwe na kadi yake: matumizi 40, kisha inatoka kazini hata ikionekana mpya.