Hamoki 12 Marangu, Ijumaa hadi Jumapili: tujipangeje?

Mdau_Majengo
Wakuu, habari za jioni. Tuko watu 12 hapa Moshi mjini, tunataka kulala kwenye hamoki (vitanda vya kitambaa vya kutundika mitini) usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, mwishoni mwa Julai. Jumamosi tupande mlima kidogo, Jumapili tupitie chemchemi ya Chemka, Ziwa Chala na maporomoko ya Materuni ndipo turudi. Hamoki tunazo, za mita 3, ila hatuna kamba wala turubai. Kambi iwe Chala au Marangu? Na dukani tununue nini?

Kamba_na_Mti
Marangu, mkuu. Chala panavutia macho, lakini hamoki inataka miti, na kule ni pakavu, miti mingi ya miiba. Kabla ya kulipa kambi yoyote uliza: mna miti mingapi minene kuliko paja la mtu mzima, iliyoachana hatua sita hivi (mita 4.5)? Mgomba haubebi mtu, mbuni vilevile. Mgrivea mkubwa na mkaratusi vinabeba, lakini huangusha matawi. Ukiona tawi kavu juu, hama.

Miti 24 hamuihitaji. Miti mitatu iliyokaa pembetatu inabeba hamoki tatu, kila mti unashika ncha mbili. Kwenu ni pembetatu nne, miti 12. Msitundike hamoki moja juu ya nyingine, hata mkibanwa na nafasi.

Kamba za manila acheni. Ni nyembamba, zinakata gome la mti, na za nailoni hurefuka usiku mpaka mgongo unagusa chini. Nunueni mikanda bapa ya poliesta, upana sm 2.5 au zaidi, kama ile ya kufungia mizigo kwenye malori. Kila hamoki miwili, kila mmoja mita 3.

Sasa kwenye kutundika, hapa ndipo wengi wanaharibu: wanavuta hamoki hadi inyooke, wakidhani ndiyo raha. Mkanda ukishuka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30 chini ya usawa, kila upande unabeba uzito sawa na wa mtu mwenyewe. Ukiulaza hadi nyuzi 10, mtu wa kilo 80 anavuta kilo 230 kila upande. Ndiyo maana mishono inaachia, na mabega yanabanwa usiku kucha. Kipimo unacho mkononi: nyoosha kidole cha shahada kiwe sambamba na ardhi, gumba lisimame wima, mkanda upite kwenye ncha za vidole vyote viwili. Kwa miti ya mita 4.5, fungeni kwenye urefu wa mita 1.7 hivi, na mtu akikaa, kitambaa kiwe sm 45 kutoka chini. Kulala ni kimshazari, kichwa kushoto kidogo na miguu kulia, ndipo mgongo unanyooka.

Mdau_Majengo
Asante sana mkuu. Kwa baridi, shuka la kimasai na blanketi vinatosha?

DadaWaHimo
Kaka, Julai Marangu havitoshi. Baridi ya hamoki inatoka chini. Blanketi ulilolilalia linakandamizwa, hewa inayotunza joto inatoka, upepo unapita chini ya mgongo. Kila mtu awe na godoro jembamba la povu, sm 1 linatosha, pana kiasi cha kufika mabegani. Hamoki ya tabaka mbili, lisukumeni katikati ya tabaka lisiteleze.

Turubai liwe mita 3 kwa 3, lifungwe kwa kamba yake lenyewe. Mvua ikinyesha maji hutiririka kwenye mkanda hadi kwenye hamoki. Fungeni kipande cha uzi wa pamba kwenye mkanda, chini ya turubai, maji yadondokee hapo. Chandarua msisahau. Na kagueni mashina kwa tochi kabla ya kulala, siafu hupanda kwa mkanda huohuo.

Njia_ya_Mandara
Nigusie ratiba tu. Jumamosi nendeni Mandara, kambi ya kwanza ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: kutoka geti la Marangu ni kama km 8, mwendo wa saa tatu hadi nne kupanda, mnafika mita 2,720. Kreta ya Maundi iko dakika 15 mbele, msiiache. Mpateni mapema mwongozaji mwenye leseni, kila mtu abebe NIDA ili mlipe kiwango cha raia, na malipo ya hifadhi yakamilishwe kwa namba ya malipo, maana getini taslimu haipokelewi. Anzeni saa mbili asubuhi.

Jumapili hamtamaliza sehemu tatu. Chemka iko upande wa Boma Ng'ombe, Materuni iko Uru, Chala iko Rombo. Mtashinda ndani ya gari. Asubuhi maporomoko ya Kinukamori, ni karibu na Marangu Mtoni, kisha mchague moja. Mnaotaka kuogelea, Chemka. Chala msiingie majini: mwaka 2002 mamba aliua mtu ziwani humo.

Maji pigeni hesabu ya lita 4 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Kwa siku mbili ni madumu matano ya lita 20. Hiace moja itawabeba nyie, lakini si nyie na hayo madumu na mizigo yote, kwa hiyo ongezeni gari dogo moja.