Ctrl+D moja, maana nne: mkono wangu umechoka

Mchoraji_Nakawa
Habari zenu wenzangu. Nachora na kuchapisha hapa Nasser Road, Kampala, mwaka wa saba sasa. Mabango nayatengeneza kwa CorelDRAW. Picha za maharusi nazisafisha kwa Photoshop, mashirika yananiletea nembo za Illustrator, na jarida la kanisa letu, kurasa 24, nalipanga kwa InDesign. Kwa siku moja napita kote humo.

Angalieni Ctrl+D. CorelDRAW inatoa nakala ya kitu ulichokishika. Photoshop inaachia sehemu uliyoichagua. Illustrator inarudia kitendo cha mwisho: ukisogeza mstari, inausogeza tena. InDesign inafungua dirisha la kuleta picha. Na tatu kati ya hizo ni za kampuni moja, Adobe! Nikihama dirisha inabidi nisimame kwanza, nijiulize niko wapi.

Lakini hiyo ni kero tu. Kilichoniumiza ni Shift. Juzi nilikuwa na kadi 300 za kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Nilitoka Illustrator, ambako unashikilia Shift ili kitu kisipoteze uwiano wa upana na urefu, nikaingia Photoshop nikavuta picha ya binti huku kidole kiko palepale. Uso ukatanuka kidogo. Kwenye skrini sikuona, saa tano usiku macho yamechoka. Senga wake, yaani shangazi, ndiye aliyeona, kadi zikiwa zimeshakatwa. Nikarudia kuchapa kwa pesa yangu, na aibu juu.

Nyinyi mnafanyaje? Kuna namna ya kuzifanya zikubaliane?

Mzee_wa_PageMaker
Pole sana mwanangu. Hujakosea kukumbuka, zamani hata Photoshop ilitaka Shift ili kutunza uwiano. Toleo lililotoka Oktoba 2018 ndilo lililogeuza: sasa uwiano unatunzwa wenyewe, na Shift ndiyo inayouvunja. Illustrator ikabaki ilivyokuwa. Nenda Edit, Preferences, General, uweke tiki kwenye Use Legacy Free Transform. Itarudi kama zamani, na zote mbili zitakuwa na desturi moja.

Kuhusu Ctrl+D, hizi programu ni ndugu wa kulelewa pamoja, hazikuzaliwa nyumba moja. Illustrator ni ya Adobe tangu 1987. Photoshop waliianzisha Thomas Knoll na mdogo wake John, Adobe wakaitoa 1990. InDesign ya 1999 ilitokana na kazi iliyoanzia Aldus, wale wa PageMaker, programu ya kupanga kurasa, ambao Adobe waliwanunua 1994. Kila moja ilikuja na watu wake waliokwisha kuzoea vitufe vyao, na kubadilisha kitufe ni kuwavuruga.

Gulu_Inkscape
Dada, huku Inkscape, programu ya bure ya kuchora, uwiano ni Ctrl, wala si Shift. Shift inapanua kuanzia katikati. Ila kwenye mipangilio ya kibodi kuna seti za vitufe zilizo tayari kwa watu waliotoka CorelDRAW au Illustrator. Mimi nilichagua ya CorelDRAW, siku ya tatu nikaacha kuhangaika.

Mchoraji_Nakawa
Asanteni. Mzee, tiki nimeweka na inafanya kazi, ila nikikaa kwenye kompyuta ya mwenzangu dukani nitarudi kulekule, yeye hataki mashine yake iguswe. Kwa hiyo picha ya mtu sitaivuta tena kwa maus. Nitafunga alama ya mnyororo kati ya upana na urefu (kwa CorelDRAW ni kufuli), niandike namba. Nimejaribu kote kunne, kila mahali uso umebaki uso.

Illustrator nayo nimeingia Edit, Keyboard Shortcuts, nikaiondoa Ctrl+D pale ilipo. Jarida la kanisa naanza kulipanga Jumatatu, nikikwama nitarudi hapa.