Laki na ishirini kwa Yamaha nzima? Wanunuzi wa magitaa ya mtumba Dar mnatuonaje?

Wakuu, salamu. Nina hasira tangu Jumamosi, na nisipozimwaga hapa nitaishia kugombana na mama watoto bure.

Mwezi wa kwanza ada ilinikaba. Wenye watoto mnaijua Januari, sina haja ya kueleza. Nikaamua kuuza gitaa langu kavu, yaani lisilo la umeme, Yamaha F310, nililolinunua jipya dukani miaka minne nyuma kwa 480,000. Wapiga gitaa mnalijua hilo dude, ukizunguka makwaya matatu huwezi kulikosa. Si la kifahari, ni la kujifunzia, lakini linashika tyuni na halina makuu. Langu lilikuwa na kovu moja tu, chini ya tundu la sauti, pale mwanangu alipolibamiza kwenye kona ya meza. Kovu lenyewe lina umbo la ndizi. Hilo kovu likumbukeni.

Nikalipeleka Kariakoo. Kabla sijafika hata mlangoni kwenye duka la vyombo vya muziki, winga, dalali wa pale mtaani, ameshanidaka. "Kaka mkubwa, unauza? Lete nilione." Akalitoa kwenye begi, akaligeuza, akaligonga mgongoni kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji. Akafumba jicho moja, akachungulia shingo kuanzia kichwani, kisha akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Shingo imepinda hii, kaka."

Jamani. Shingo ya gitaa LAZIMA iwe na kaupinde kadogo! Uzi ukipigwa unatikisika, na mtikisiko wake ni mpana zaidi katikati. Shingo ikinyooka kama rula, uzi unagonga freti, vile vyuma vilivyokatiza shingoni, na gitaa linaanza kulia kama nzi kwenye chupa. Kupima ni kazi ya dakika moja: bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza, bana tena pale shingo inapokutana na tumbo, halafu angalia freti ya saba au ya nane. Pakipita unene wa kadi ya mchango wa harusi, gitaa ni zima. Na hata pakizidi, kuna chuma ndani ya shingo kinakazwa kwa ufunguo, fundi anamaliza huku anapiga stori. Winga hakubana kitu. Hakupiga hata nota moja. Gitaa limenunuliwa bila kulia, kama mbuzi wa mnadani.

Sasa sikilizeni hesabu zake. Tuanzie laki mbili, anasema. Nyuzi zimechoka, toa ishirini. Kovu, toa hamsini. Begi zipu imekufa, "hilo baki nalo kaka, halina kazi", toa kumi. Laki na ishirini. Na shingo? "Shingo nimekusamehe."

Amenisamehe!

Seti ya nyuzi kwenye duka hilohilo ni elfu kumi na tano, nimekatwa ishirini. Lakini nilikuwa na karatasi ya ada mfukoni, imeandikwa tarehe ya mwisho, na nadhani aliiona usoni kwangu kabla ya kuliona gitaa. Nikapokea. Akalibeba limeshikwa shingoni, mimi nikarudi na begi tupu kwenye daladala, watu wananipisha wakidhani nimebeba chombo.

Hapo nilikuwa nimeshakubali yaishe. Biashara ni biashara, mwenye shida hulaliwa, tunajua.

Jumamosi iliyopita nimepita pale kununua nyuzi za gitaa langu la umeme. Nainua macho ukutani, namuona ndizi. Kovu limepakwa rangi ya viatu ya kahawia, ukisogea unaona kabisa brashi ilivyopita. Nikauliza bei kama mgeni. "Hiyo ni mtumba wa Uingereza, mzee, si za hapa. Laki tatu na themanini." Uingereza ipi? Lebo ndani ya tundu imeandikwa Indonesia, na kutoka Indonesia lilikuja dukani hapa Dar, na kutoka dukani lilikaa uvunguni kwangu Mbagala miaka minne. Uingereza hata kwenye ramani halijaiona.

Kilichonichoma hasa ni nyuzi. Mimi nikifunga nyuzi sizikati ncha, nazisokota viduara vidogo pale kichwani ili zisinichome. Viduara vyangu viko palepale, vyote sita. Nyuzi zilezile "zilizochoka" ambazo nimekatwa elfu ishirini! Hawakubadilisha hata uzi mmoja. Wamenunua rangi ya viatu tu.

Sasa kabla hamjaniambia "kwani ulishikiwa panga?", naomba mnielewe. Sisemi nilistahili laki nne na themanini. Gitaa lililotumika ni lililotumika. Bei ya haki kwangu mimi inahesabika hivi: ulizia bei ya jipya LEO, siyo uliyonunulia wewe enzi hizo. Kama ni zima, linatyunika, halina ufa wala briji (kile kibao cha tumboni kinachoshika nyuzi) iliyobanduka, muuzaji apate nusu yake au kidogo zaidi. Halafu toa matengenezo ya kweli kwa bei ya fundi wa kweli, siyo bei ya mdomo. Kama lina kesi ngumu, lile sanduku lake la kubebea, ongeza. F310 yangu kwa hesabu hiyo ingefika 250,000 mkononi mwangu, duka lingeiuza 330,000 na kila mtu angelala usingizi. Duka lina kodi ya pango, lina TRA, lina kijana wa kumlipa, faida wapate. Lakini mara tatu ya walichonipa, na uongo juu?

Halafu nimefikiria sana kwa nini sisi hasa tunalaliwa kirahisi hivi kwenye magitaa, wakati pikipiki au simu hata mtoto wa darasa la sita anakutajia bei yake ya mtumba. Jibu nadhani liko kwenye historia. Bendi zetu kubwa za dansi zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, polisi na JKT nao walikuwa na zao, na za watu binafsi vilevile vyombo ni vya mwenye bendi. Mpiga solo hodari nchi nzima inamjua, lakini gitaa analolipiga si lake. Akihama bendi analiacha jukwaani. Baba yangu mdogo alipiga ridhim miaka kumi na moja kwenye bendi ya shirika moja la umma, na siku aliyoacha alitoka na mkanda wa gitaa tu, kwa sababu mkanda alishonewa na shangazi. Kizazi kizima cha mafundi wa nyuzi hakikuwahi kununua wala kuuza gitaa. Nani angetufundisha bei?

Ndiyo maana ukitangaza mtandaoni unakutana na vituko. Nimetangaza gitaa langu la umeme wiki iliyopita, nimepata jumbe zaidi ya thelathini. Wa kwanza hakusalimia: "mwisho ngapi". Mwisho wa nini, hata mwanzo hujauliza! Mwingine: "nina laki, nije?" Mwingine anataka tubadilishane na simu yenye kioo kilichopasuka "kidogo tu". Kuna mmoja yuko Mwanza, nipakie kwenye basi, atalipa likifika. Na yupo aliyenitumia picha ya bei ya Marekani, ananiambia mbona kule ni rahisi. Kule ni kule, ndugu yangu! Lipandishe ndege, lipitishe forodhani, weka VAT asilimia 18, halafu urudi tuongee.

Ila tuwe wakweli, wauzaji nao wamechangia. Kuna jamaa anatangaza "Gibson orijino", jina kubwa la magitaa ya Marekani, kwa laki tatu na nusu. Nimekuza picha: kile kifuniko kidogo pale kichwani kina skrubu tatu. Gibson halisi ni mbili. Mnunuzi akishapigwa mara moja na kitu kama hicho, akija kwangu na chombo halali ananiona tapeli nambari mbili, anapanga bei ya kujikinga. Na wapo wanaoona neno "Yamaha" basi wanataka hela ya jipya kwa gitaa ambalo lilishinda kwenye buti ya gari Dar hii, gundi imelainika kwa joto, briji imenyanyuka mpaka unaweza kupitisha tiketi ya mwendokasi chini yake. Hilo halina bei, hilo lina pole.

Sasa langu. Ni Yamaha Pacifica 112, rangi nyeusi, pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) tatu: mbili nyembamba na ile pana ya upande wa briji. Wiki jana nimeulizia jipya madukani, nimetajiwa 1,250,000. Naomba 650,000. Ubaya wake nautaja mwenyewe: freti tatu za kwanza zimelika kidogo kwenye nyuzi nyembamba, miaka ya kwaya hiyo, na tundu la jeki, pale unapochomeka waya, lilikuwa linacheza, nimelipeleka kwa fundi, kazi elfu kumi na tano, risiti ipo. Nyuzi ni mpya, za Jumamosi hiyohiyo ya msiba. Njoo na amplifaya yako, uchomeke, upige saa nzima, ubane hizo freti, upime shingo na kadi ya mchango, ninazo nyingi. Ukikuta kasoro ambayo sijaitaja, tunaishusha bei palepale mezani. Ukija na "mwisho ngapi" kabla ya "habari yako", sikujibu.

Mawinga nawaomba mpite mbali.

Na begi la F310 bado liko uvunguni. Nimeweka zipu mpya kwa elfu tatu. Elfu ishirini, na hilo halipungui hata mia.