Mahakama ya zamani: makumbusho au maduka?

Jamaa wa Milimani: Korti ishahamia jengo jipya, ile nyumba ya zamani imebaki na popo na mafaili. Wengine wanataka ibomolewe yajengwe maduka. Mimi nasema makumbusho. Mombasa, mahakama ya 1902 pale karibu na Fort Jesus leo ni ukumbi wa maonyesho. Sisi Kisumu tunangoja nini? Ila kwanza wauza omena watolewe verandani, harufu imefika hadi kizimbani.

Nyar Dunga: Harufu? Karo yako ililipwa na nini, maua? Nimekaa veranda ile miaka 11. Mvua ikianza, mawakili walijibanza hapo hapo na sisi, gorogoro yangu ya kupimia omena wakiisukuma kwa kiatu.

Wakili Bila Kesi: Turudi kwa mada. Sheria ya makumbusho ya 2006 inaruhusu jengo kama hilo lilindwe, lakini lazima waziri alitangaze kwenye gazeti rasmi. Bila hiyo, mwenye tingatinga akija usiku mtalia tu.

Omwana wa Ingo: Aje hata leo. Babu yangu alifungwa kwa kukosa kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, na aliyemhukumu aliketi kwenye nyumba kama hiyo. Leo nilipe kiingilio nikaangalie kiti chake?

Jamaa wa Milimani: Ndiyo maana isibomolewe, ndugu! Kapenguria, mahakama iliyomhukumu Kenyatta na wenzake si ni makumbusho sasa?

Mwalimu Mstaafu: Hapana, kijana. Kesi ile ilisikilizwa darasani, shule ya kilimo. Makumbusho yaliyofunguliwa 1993 ni kwenye seli walimofungiwa. Hukumu ilikuwa 8 Aprili 1953, miaka 7 na kazi ngumu. Na Achieng' Oneko wetu, mmoja wa hao wenzake, alishinda rufaa, wakazidi kumzuilia vivyo hivyo.

Omwana wa Ingo: Asante, Mwalimu. Unashinda na unabaki ndani. Hiyo ndiyo historia mnataka kupaka rangi.

Nyar Dunga: Bado nangoja jibu la karo.

Jamaa wa Milimani: Dada, sikukutaja. Nilitaja harufu.

Nyar Dunga: Harufu ina mwenyewe.

Wakili Bila Kesi: Jameni, mada!

Karani wa Zamani: Nilifanya kazi mle. Ubao wa kizimba, pale mshtakiwa anaposhika akisomewa mashtaka, umelainika kama sabuni iliyotumika. Pitisha vidole upande wa chini, ambako hakimu haoni: majina yamekwaruzwa kwa msumari, moja juu ya lingine. Mkiubomoa huo mtakuwa mmepoteza kitu ambacho hakipo kwenye faili lolote. Lakini msibishane juu ya makumbusho wakati dari linavuja juu ya rafu ya kesi za mashamba.

Omwana wa Ingo: Ngoja. Mashamba? Mafaili ya miaka gani?

Mwalimu Mstaafu: Hata mimi nauliza. Kesi yetu ya mpaka ilikuwa inatajwa na kuahirishwa tu, mpaka marehemu kaka yangu akachoka kupanda matatu.

Jamaa wa Milimani: Karani, rafu ipi? Ya dirishani?

Karani wa Zamani: Ya dirishani. Nendeni na karatasi ya nailoni.

Nyar Dunga: Karani, ni wewe yule wa miwani iliyofungwa uzi? Kuna gorogoro 2 ulichukua kwa deni.

Karani wa Zamani: Ni mimi, mama. Nakumbuka.