Mgeni akishuka Mtwara, tumpeleke kula wapi?

Mleta mada:
Wadau, msimu wa korosho ukianza mji unafurika wageni: wanunuzi, madereva wa malori, watu wa meli. Mmoja wao akiuliza chakula kizuri kiko wapi, wengi wetu tunamwelekeza hotelini Shangani. Huko anawekewa chipsi kuku na wali nyama, vilevile alivyoviacha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 nyuma yake.

Mimi napinga. Anayetaka kula Mtwara aende kwa mama lishe. Ashuke Feri, karibu na kivuko cha Msangamkuu, asubuhi samaki wanapopandishwa, amwone pweza akiwa bado mbichi ndipo amle. Aagize ugali wa muhogo kwa kisamvu kilichoungwa nazi au korosho iliyotwangwa. Na mama mwenye beseni la ming'oko, vile viazi vya porini, akipita, asimwache.

Ming'oko niisemee kidogo, maana wapo wa hapahapa wanaoiita chakula cha njaa. Haipandwi shambani. Mtu anaingia porini, anafukua ardhi ngumu akifuata mzizi mwembamba asiukate, halafu inachemshwa kwa chumvi, inaliwa kwa pilipili. Chakula chenye kazi hiyo mji mwingine ungekiuza ghali, sisi tunakionea aibu mbele ya mgeni! Ugali wa muhogo nao una utaalamu wake. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Usipoandaliwa na kukaushwa vizuri ukawa makopa, unadhuru. Mama anayeyajua hayo hakuyasomea chuo cha hoteli.

Hoteli zetu nyingi zilichipuka miaka ya matumaini ya gesi, kabla bomba la kwenda Dar halijakamilika mwaka 2015. Menyu ziliandikwa kwa ajili ya mtaalamu wa kigeni. Mtaalamu kapungua, menyu imebaki.

Ombi langu kwa halmashauri: semina za serikali mjini zilishwe na vikundi vya mama lishe pia, si hoteli peke yake. Nipingeni.

Mpishi wa hoteli, Shangani:
Kaka, menyu si msahafu. Tuliwahi kuandika ugali wa muhogo, ukashinda pale, jioni tukaula wenyewe jikoni. Mgeni akikaa mezani anaagiza anachokijua, na bosi hataki kitu cha kubaki. Ming'oko ndiyo kabisa: leo mama analeta mabeseni mawili, kesho haonekani. Nitamwandikia mteja kitu nisichokuwa na uhakika nacho?

Nesi, Ligula:
Dada mpishi kasema lake, mimi nasema la maji. Siku za kazi nakula kwa mama lishe, sina dharau naye. Lakini pale ninapokula ndoo moja inaosha sahani za watu wote, na choo hakuna. Kabla hamjampa semina, mpeni bomba na choo. Tena msije mkamhamishia soko la mbali kwa kisingizio cha usafi. Mteja wa mchana ana nusu saa, hamfuati huko.

Wa Mikindani:
Bishaneni Feri na Shangani. Sisi tuko kilomita kumi tu, na samaki wa kuchoma hahitaji menyu.

Mleta mada:
Wa Mikindani, tukija utatulipia?

Dada nesi, kwa maji nakuunga mkono. Vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000 vilipoanza mwishoni mwa 2018, akina mama wa chakula nao walilengwa. Kama walistahili kuchangia, basi wanastahili bomba hapohapo walipo, na hoja hiyo ipelekwe kwa diwani kabla ya bajeti ijayo.

Dada mpishi, ming'oko iwe ya siku inapopatikana, iandikwe ubaoni kwa chaki, yaishe. Ila la ugali hujanishawishi. Feri, saa nane mchana sufuria la ugali wa muhogo liko tupu, na wanaolimaliza wamo madereva wa mikoani, si wenyeji tu. Sasa tuambie ukweli: sahani ile iliyowabakia mliiuza shilingi ngapi, na kitoweo chake kilikuwa nini?