Naomba ushauri: macho mekundu wiki ya tatu sasa

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu Mbagala Rangi Tatu. Macho yamekuwa mekundu kama nimetoka kumenya gunia la vitunguu. Yanawasha, machozi yanatoka, jioni nahisi mchanga ndani. Kuona naona vizuri na mwanga hauniumizi. Juzi dada mmoja aliniangalia usoni, akapanda pikipiki ya mwenzangu. Najua alichofikiria, na bangi sivuti!

Sidhani ni ule ugonjwa wa macho mekundu wa kuambukiza uliotukumba Dar Januari 2024. Ule niliupata: asubuhi matongotongo yalikuwa yanagandisha kope mpaka nizilowanishe kwa maji. Safari hii hakuna tongotongo, na nyumbani tunalala watatu chumba kimoja, hakuna aliyeambukizwa.

Duka la dawa walinipa matone ya deksamethasoni (dawa ya steroidi, inatuliza wekundu na uvimbe). Siku mbili macho meupe, nikafurahi. Nilipoacha yakarudi vilevile. Jirani yangu nesi akanifokea: matone hayo ukiyazoea bila kupimwa yanaweza kupandisha presha ya jicho. Nimeyaweka kando. Mama mwenye nyumba yeye anasema nioshee chai ya rangi; hapo nimegoma.

Nahisi ni aleji ya vumbi na moshi, maana kioo cha helmeti kimekwaruzika, usiku naendesha nimekipandisha.

Waliopitia hili, mlitumia nini? Na kupima macho, nianzie hospitali ya Temeke au nahitaji rufaa kwanza? Siku nikikaa bila kuendesha, hesabu ya bosi haipungui.